Je, kila mdudu lazima awe na mahubiri?

Bwana asifiwe, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka 10 na wa kiume ana 7. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Kilifi, na tangu Januari ninawafundisha nyumbani. Mimi na baba yao tulikubaliana toka mwanzo kwamba somo la viumbe na imani visitengane. Tulinunua kitabu cha Wakristo wa Marekani: kila somo lina mnyama mmoja, picha ya kupaka rangi, na mstari wa Biblia wa kukariri mwishoni.

Nusu ya viumbe vya kitabu hicho hatujawahi kuviona. Ila hilo si kubwa. Wiki iliyopita tulikuwa tunawatazama majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani, kwenye mwembe, nikaanza Mithali 6, na mdogo akaniambia, "Mama, kila mdudu lazima awe na mahubiri?" Sikuwa na la kusema. Dada yake naye akauliza ghala la majimoto liko wapi, maana Biblia inasema chungu huweka akiba. Ndiye huyo huyo aliyeniuliza kwa nini Walawi 11 inamhesabu popo pamoja na ndege, na kwa nini Mungu mwema aliumba nyigu anayewalisha watoto wake buibui ambaye bado yu hai.

Juu ya hayo, mama mkwe anasema wajukuu wake wanazurura vichakani badala ya kusoma, na baba yao ameanza kuogopa kuwa sayansi hii haitawafikisha kwenye mtihani. Je, tuache kuchanganya? Sayansi iwe na saa yake na Biblia saa yake?

Mama wa wawili, Kilifi

*

Amina, mama. Msiache kuchanganya. Badilisheni mpangilio.

Mwanao hakulikataa Neno. Alikuwa ameinama anaangalia, akakatizwa. Mstari unaokuja kila mara mwishoni mwa kila mdudu humfundisha mtoto jambo ambalo hukulikusudia: huacha kumtazama mdudu, akaanza kuotea jibu. Chungu? Bidii. Nyuki? Umoja. Konokono? Subira. Mwezi ukiisha hatazami kitu tena, kwa sababu anajua kisa kitaishia wapi. Na mzazi naye hushawishika kumkunja mdudu kidogo ili alingane na mstari, na mtoto wa miaka 10 huiona mikunjo hiyo upesi kuliko tunavyodhani.

Kila mtoto awe na daftari la kuchorea lisilo na mistari, penseli ya HB, na rangi za penseli 12. Kalamu za wino ziacheni ndani. Kwa unyevu wa pwani wino hutambaa hadi upande wa pili wa karatasi. Ukurasa wa kushoto ni wa nje: tarehe, saa, mahali, hali ya anga, kama ni kaskazi au kusi, mchoro mmoja uliochorwa kwa kumtazama kiumbe mwenyewe (wala si picha ya simu), kisha sentensi mbili au tatu: ameona nini, na ni nini hakukielewa. Ukurasa wa kulia unabaki mtupu. Siku hiyo msiandike kitu hapo hata kama una mstari mzuri ulimini. Jumapili jioni, mkiketi kwa ibada ya nyumbani, fungueni madaftari, na mtoto mwenyewe aamue kama ukurasa wa kulia utapata sala, mstari, swali, au utabaki ulivyo. Mwanzoni nyingi zitabaki tupu. Ziacheni.

Biblia nayo isomwe asubuhi kwa mkondo wake, na kwa vifungu virefu. Anzeni na Zaburi 104. Ina mistari 35: chukueni saba kwa wiki, mkiirudia ile ile kila asubuhi, na wiki ya tano mtakuwa mmeimaliza bila mtu kukaririshwa. Halafu Ayubu 38 hadi 41, halafu Mithali 30:24-28, penye wale wadogo wanne: chungu, wibari (ndiye pimbi), nzige na mjusi. Mtoto aliyeshiba vifungu hivyo huunganisha mwenyewe, siku usiyoitarajia, pengine akiwa anaoga. Alichokiunganisha mwenyewe hakimtoki.

Sasa majimoto. Binti yako yuko sahihi, na umwambie hivyo kwa maneno hayo hayo. Majimoto hawaweki nafaka. Ni wawindaji wa wadudu wengine, na tena huwachunga wadudu gamba wanaofyonza utomvu wa mti, ili walambe umajimaji mtamu wanaoutoa. Ndiyo maana wakulima wa korosho na minazi huwavumilia pamoja na kung'ata kwao: huwafukuza kunguni wanaonyonya matunda machanga. Mithali 6:6-8 inamtaja chungu anayekusanya chakula wakati wa mavuno, na katika nchi ya Biblia wako hadi leo chungu wavunaji, wa jenasi ya Messor, wanaobeba mbegu na kuziweka katika vyumba vya chini ya ardhi. Sulemani alikuwa akimtazama mdudu wa kwao. Kosa ni letu tunapomvisha majimoto wa Kilifi kanzu ya chungu wa Yerusalemu.

Lakini urudi kwenye mstari wa 7: chungu hana akida, wala msimamizi, wala mkuu. Hilo mnaweza kulichunguza hapo hapo mwembeni. Malkia wa majimoto hatoi amri. Kazi yake ni kutaga. Tafuteni kiota ambacho bado kinajengwa, msimame mita moja au mbili kutoka tawi, na muwe na subira ya dakika 20. Vibarua hujipanga ukingoni mwa jani, wakashikana viuno mnyororo kwa mnyororo hadi majani mawili yakutane. Kisha wengine huleta mabuu midomoni na kuyapitisha huku na huku kwenye mshono kama sindano ya mshona kofia, kwa sababu ni mabuu yanayotoa uzi wa hariri, wakubwa hawana. Hakuna msimamizi hata mmoja. Mdogo akilichora hilo, sijui kama atahitaji mahubiri.

Kwa majaribio yenyewe tumieni sisimizi wadogo wa uani, maana majimoto watawang'ata, na siafu wasiguswe kabisa. Chukueni vifuniko vitano vya soda. Vyote vioshwe kwa maji moto, kwani kifuniko kisichooshwa kina sukari tayari na kitawadanganya. Tieni nusu kijiko cha chai cha kitu kimoja kila kifuniko: sukari iliyoloweshwa, chumvi, unga wa mahindi, dagaa waliopondwa, mafuta ya kupikia. Vipangeni sentimita 20 kutoka mstari wa sisimizi, na sentimita 10 kati ya kimoja na kingine. Kila dakika 5 hesabuni sisimizi walio ndani ya kila kifuniko, kwa nusu saa. Mkubwa anaandika jedwali, mdogo anahesabu.

Jaribio hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni saa. Mchana ardhi ikiwaka, sisimizi hurudi shimoni, na watoto watahitimisha kwamba hawapendi chochote. Fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Ya pili ni kufanya mara moja na kutangaza jibu. Kifuniko kilicho karibu na shimo hupata wageni wengi hata kikiwa cha chumvi, kwa hiyo rudieni siku tatu na kila siku mbadilishe nafasi za vifuniko. Mkimaliza, pangusa upana wa vidole vitatu vya njia yao kwa kitambaa kibichi, mtazame. Watafika pale watasimama, watazunguka, watatafuta: wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao, nawe umeifuta.

La popo ni rahisi kuliko linavyoonekana. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "ndege" katika Walawi 11 ni la kitu chochote kirukacho kwa mabawa, na mstari wa 20 unalitumia tena kwa wadudu. Musa alikuwa akiwapanga viumbe kwa mahali na mwendo: wa majini, wa nchi kavu, wa angani. Sisi leo tunawapanga kwa mwili na uzazi, na kwa kipimo hicho popo ni mamalia: ana manyoya, huzaa, hunyonyesha. Mpe binti yako karatasi mbili na majina 20 ya wanyama mnaowajua. Moja awapange kwa wanakoishi na wanavyokwenda, nyingine kwa namna ya mwili. Ataona mwenyewe kwamba orodha mbili zinaweza kutofautiana bila mmoja kuwa mwongo. Kisha achore mkono wake kwenye karatasi, arefushe vidole vinne mara tatu, aviunganishe kwa mstari. Hilo ndilo bawa la popo. Popo halisi msimshike, hata aliyeanguka, kwa sababu ya magonjwa.

Na hapa niseme neno kwa wazazi wanaodhani kukiri kwamba popo ni mamalia ni kulegeza imani. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354–430), alipofafanua kitabu cha Mwanzo aliwaonya Wakristo wasiitumie Biblia kusema juu ya mbingu na nchi mambo ambayo asiyeamini anayajua vyema kuwa si kweli. Wakifanya hivyo, nani atawaamini wakisema habari za ufufuo? Na Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere katika bustani ya monasteri kule Brno kuanzia mwaka 1856, alikuwa mtawa wa shirika lenye jina la Agostino huyo huyo.

Swali la nyigu ni zito, na usilifunike na tabasamu. Si binti yako peke yake aliyeliuliza: mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo, kwamba nyigu wanaokula viwavi wakiwa hai walimfanya ashindwe kuona wema katika mpango wa namna hiyo.

Kwanza pateni ukweli wa jambo lenyewe. Tafuteni kiota cha udongo ukutani au kwenye fremu ya dirisha. Kikiwa na matundu ya mviringo, nyigu wameshatoka. Kibandueni kwa kisu juu ya gazeti. Kisicho na tundu kiacheni, bado kina wenyewe. Ndani mtakuta vyumba, na katika kila chumba mabaki: miguu mikavu ya buibui, ganda la bundo (buu linalogeuka kuwa nyigu). Mama nyigu huwachoma buibui sindano ya kuwapoozesha, huwajaza chumbani, hutaga yai moja, hufunga. Buibui aliyekufa angeoza kabla yai halijaanguliwa. Aliyepooza hukaa mbichi. Wahesabu vyumba, wachore.

Halafu uwe mkweli kwake kwamba Wakristo hawajibu swali hili kwa sauti moja. Wako wanaosema kuwinda na kuliwa kuliingia baada ya dhambi ya Adamu, wakisimama juu ya Warumi 8:20-22, penye viumbe vyote vikiugua pamoja. Wako wanaoonyesha Zaburi 104:21, ambapo wana-simba wanaonguruma wanamwomba Mungu mawindo yao, na Ayubu 39:30, ambapo makinda ya tai hunywa damu na Mungu anaeleza hilo kama kazi yake bila kuomba radhi. Msomee vifungu vyote vitatu siku moja. Mwambie kanisa lenu linafundisha nini, na mwambie baba na mama wanaonaje. Kisha swali liandikwe kwenye ukurasa wa kulia pamoja na tarehe, likae. Akiwa na miaka 15 atalirudia, na atakuta halikufutwa.

Kitabu cha Marekani msikitupe, ila msikifuate ukurasa kwa ukurasa. Kimefuata majira yao ya theluji. Ninyi fuateni yenu. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kuonekana huku Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Andikeni tarehe ya kwanza mliyowaona na ya mwisho, mwaka hadi mwaka, na siku moja mtakapofika Yeremia 8:7, ndege wanaojua wakati wa kuja kwao, madaftari yatakuwa na ushahidi. Mvua za kwanza za masika ni za kumbikumbi na vyura. Kunguru wa mjini mwenye shingo ya kijivu ana mwaka mzima, lakini waambieni mapema kwamba yeye ni mgeni kutoka Bara Hindi na huvamia viota vya ndege wengine; kunguru wa Luka 12:24 ni wa aina nyingine.

Mnao utajiri ambao mwandishi wa kitabu hicho angeuonea kijicho: bahari inayopanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chagueni mnazi mmoja ulio juu ya ufuo. Kwa siku 14, kila maji yakishajaa na kuanza kurudi, hesabuni hatua kutoka mnazi huo hadi mstari wa majani ya bahari yaliyoachwa. Hatua ziwe za mtu mmoja tu. Mkibadilishana mkubwa na mdogo hesabu zitakuwa fujo. Muda wa kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo angalieni jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari na mchague mjao unaoangukia mchana. Wachore na mwezi ulivyokuwa. Wataona kwamba ule mpaka wa Ayubu 38:11, ambao Mungu aliiamuru bahari isiuvuke, unasogea: karibu na mnazi siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mbali nao katika maji mafu, yaani maji madogo ya kati ya bamvua mbili. Mdogo atauliza kama bahari imevunja amri. Mwulize yeye, je, iliwahi kuupita mnazi?

Mara moja kwa mwezi nendeni mikokoni. Mida, karibu na Watamu, kuna njia ya mbao inayopita juu ya tope. Hapo karibu ndipo lilipo shirika la Kikristo la uhifadhi, A Rocha Kenya, na mapato ya njia hiyo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tazameni miti miwili tu. Mkoko: mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama penseli ndefu ya kijani. Mchu: ramba jani lake, lina chumvi iliyotolewa na mti wenyewe. Vaeni raba zilizofungwa kamba, tope huvua ndala. Ingieni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, mtoke maji yanapoanza kurudi. Makombe yenye umbo la koni msiyaokote, mengine yana sumu hatari. Na ndani ya hifadhi za bahari kuokota chochote ni marufuku. Vichakani wafundishe upupu kabla haujajifundisha wenyewe.

Kuhusu mtihani, baba yao ana haki nusu. Madaftari haya yatawapa uchunguzi, vipimo, jedwali na uainishaji vizuri kuliko kitabu chochote, mradi Ijumaa mketi saa moja kuyageuza: hesabu za sisimizi ziwe grafu, hatua ziwe mita, "majani ya chini yana weupe" iwe jina la kisayansi la jambo hilo. Lakini hakuna mwembe utakaowafundisha umeme, sumaku, nguvu, wala mzunguko wa damu. Hayo yanataka vipindi vyake viwili kwa wiki, mezani, kwa kufuata mtaala wa gredi ya kila mmoja. Msiyabandike mistari ya Biblia kwa nguvu, betri haihitaji.

Madaftari yahifadhiwe kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko. Majani ya kukausha yabanwe ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito, na gazeti libadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo. Wengi hulisahau hilo, na wiki ya pili hufungua wakakuta ukungu.

Mama mkwe mpeni kazi. Yeye anajua majina ya miti kwa lugha ya nyumbani kuliko sisi sote, na Mwanzo 2:19-20 kazi ya kwanza aliyopewa mtu mbele ya wanyama ilikuwa kuwapa majina. Jumamosi watoto wamletee majani matatu, ayataje na aseme mti unatumika kwa nini. Wasionje dawa yoyote. Chini ya kila mchoro waandike jina la Kiswahili na jina la bibi. Akija jirani akataja jina lingine, liandikwe pia, pamoja na aliyelisema.